Gari Lililoegeshwa Uani

Gari lilikuwa na rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai kidogo, na mchora ramani alilipenda kabla hajawa na uwezo wa kulinunua. Alikuwa mtu wa ofisini, mpole, ambaye miaka nenda miaka rudi alichora barabara za wengine kupita. Siku alipoliona mbele ya duka la magari, limeoshwa likaoshwa tena, kioo chake kimebeba wingu zima la asubuhi, alihisi kana kwamba barabara zote alizowahi kuchora zinamwita kwa pamoja. Akakopa kwenye chama cha akiba cha pale ofisini. Mkopo ulipokuwa hautoshi, akamwendea shemeji yake, kaka wa mkewe. Shemeji akaingia ndani, akatoka na bahasha, akampa bila neno. Ukimya ule ndio uliokuja kumtesa baadaye, maana mtu akikupa huku amenyamaza, hujui moyoni amesema nini.

Miezi ya mwanzo ilikuwa raha tupu. Halafu gari likaanza kuonyesha tumbo lake. Lilitaka mafuta, lilitaka bima, lilitaka matairi, na hata likiwa limesimama lilimlipisha mlinzi wa maegesho na kijana wa kuosha magari. Mshahara ukiingia ulikuwa haukai hata kunywa maji; unapiga hodi na kuaga hapo hapo. Mchora ramani akawa anapitia njia za kuzunguka ili asikutane na karani wa chama, na kila alipopigiwa simu na shemeji, aliitazama ikilia mpaka inyamaze yenyewe.

Mkewe alikuwa mwuguzi wa zahanati, mwanamke wa maneno machache na mikono yenye joto. Alivumilia akanyamaza. Mchana mmoja wa Jumamosi, akiwa anachambua mchele kwenye ungo, alisema bila kuinua uso:

"Baba Kasuku, nimechoka kumkwepa kaka yangu."

Kasuku ndilo jina walilompa binti yao kwa utani, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kupumzika. Baba Kasuku akakaa chini kando ya ungo, akachukua konzi ya mchele, akaanza kuchambua naye. Wakaongea mpaka mchele ukaisha. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Walipoinuka walikuwa wameshakubaliana kwamba watabana matumizi kila penye upenyo, na kwamba gari litalala.

Wakabana kwelikweli. Nyama ikawa mgeni wa Jumapili. Chai ikaachana na maziwa. King'amuzi cha televisheni kikakatwa, Kasuku akalia jioni moja, kisha akaanza kuwasimulia tamthilia za kutunga mwenyewe, na zilikuwa ndefu kuliko zile za kwenye televisheni. Mchora ramani akaanza kubeba chakula cha mchana kutoka nyumbani kwenye bakuli lenye mfuniko. Nywele zake akanyolewa na mkewe kwa mkasi, akaenda kazini kichwa kina ngazi na mabonde, na wenzake wakamwuliza ile ni ramani ya milima ya wapi. Alicheka nao. Hakuwa amecheka ofisini kwa muda mrefu.

Gari wakaliegesha uani, chini ya kamba za kuanikia nguo. Wakalipandisha juu ya matofali ili matairi yasiharibike, wakachomoa waya wa betri, na bima iliyokuwa imekwisha lipwa wakaiacha imalizike yenyewe.

Akawa anakwenda kazini kwa miguu. Wiki ya kwanza miguu ilimnung'unikia. Baadaye kitu fulani kikamfunguka. Alitoka alfajiri, ukungu ungali umekalia paa za nyumba, na mji aliouchora kwa mistari ukaanza kumjia na harufu na sauti. Uchochoro ambao kwenye ramani ulikuwa alama tu, kumbe ulikuwa na mafundi cherehani wanaofungua milango huku wakipiga miayo, mmoja baada ya mwingine, kama miayo yenyewe ndiyo iliyokuwa ikipita mtaani. Ule mto aliozoea kuuchora kwa mstari mwembamba wa buluu, kumbe ulikuwa unaongea. Akawa anasimama darajani kuusikiliza, na mara nyingine alifika ofisini asijue amepitaje nusu ya njia, kana kwamba ameletwa amelala.

Nyumbani kulikuwa pia na mama yake. Ujanani mama huyo alikuwa mkata tiketi kwenye garimoshi, mwanamke wa kwanza kufanya kazi hiyo katika njia ile, na bado alikaa wima kama aliyevaa sare. Siku hizi kumbukumbu zake zilikuwa zinakuja na kuondoka. Kuna asubuhi alimjua kila mtu na deni lake la soda la miaka arobaini iliyopita. Kuna asubuhi alimwuliza mwanawe kwa adabu anakwenda kituo gani.

Jioni moja hawakumwona. Wakamtafuta chumbani, jikoni, kwa jirani. Kasuku ndiye aliyemkuta. Bibi alikuwa ndani ya gari, kiti cha mbele, mkoba mapajani, mtandio umefungwa vizuri, akitazama mbele. Mchora ramani akafungua mlango amsaidie kutoka, lakini mama hakusogea.

"Mbona hatuondoki?" akauliza.

Mwanawe akatazama matofali chini ya gari. Alitaka kumweleza, akaona maelezo yatakuwa marefu na mwisho wake ni aibu. Akazunguka, akaingia, akakaa kwenye usukani.

"Tulikuwa tunamngoja dereva, mama. Sasa tunaondoka."

Kioo cha mbele kilikuwa kimejaa vumbi, na jua la jioni lilipokipiga, ndani kote kukawa na rangi ya asali. Shuka zilizoanikwa zilikuwa zinapepea, na vivuli vyake vikapita juu ya kioo, kimoja kikifuata kingine, taratibu, hata mchora ramani mwenyewe akahisi tumboni kwamba wanakwenda. Kasuku akarukia kiti cha nyuma. Mama akasema kwa sauti ya kazi, sauti ambayo mwanawe hakuwa ameisikia tangu utotoni, kwamba kituo kinachofuata ni Kisima cha Chumvi, na wenye mizigo mikubwa wajiandae.

Ikawa ndiyo desturi yao. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa na jua halijazama, walisafiri. Mama aliita vituo. Mchora ramani, aliyezijua njia zote kwa kalamu, aliwaambia kilichokuwa upande wa kulia na upande wa kushoto: hapa bwawa, hapa msitu wa misonobari, hapa barabara inagawanyika na mkono mmoja wake hauendi popote, maana serikali iliishiwa fedha. Kasuku aliuliza wanaoishi kule wanakula nini, na hakungoja jibu, akajijibu. Mkewe alikuwa wa mwisho kujiunga. Alirudi kutoka zahanati siku moja, akavua viatu, akafungua mlango wa nyuma kana kwamba anapanda gari la kila siku, akaegemeza kichwa kwenye dirisha. Kabla ya kituo cha pili alikuwa amesinzia. Mchora ramani akamtazama kwenye kioo kidogo cha juu. Ikamjia kwamba wakati gari likitembea hawakuwahi hata mara moja kukaa humo wote wanne. Mafuta yalikuwa ghali, na yeye alikuwa na haraka.

Laiti mambo yangebaki hivyo. Lakini chama hakikujua habari za safari. Kila walichobana kiliishia kwenye riba, na deni lenyewe lilikaa palepale likiwatazama. Karani, ambaye sasa mchora ramani hakuwa akimkwepa tena, alimweleza kirafiki kwamba gari lililosimama linazeeka kama linalotembea, na kila mwezi litakaokaa uani litapoteza bei. Mchora ramani alijua. Alikuwa amejua siku nyingi, ila alikuwa hajajiambia. Mkewe hakumsukuma. Aliuliza jambo moja tu, siku walipokuwa wanakunja shuka pamoja pale uani.

"Mama tutamwambia nini?"

Akashika pembe za shuka, akaikunja mara ya pili.

Mnunuzi alipatikana, daktari wa mifugo, mama mmoja mnene mwenye mabuti ya mpira na sauti iliyozoea kuongea na ng'ombe. Alikuwa anazungukia mashamba kwa pikipiki, na mgongo ulikuwa umemwomba talaka. Alikuja Jumapili alasiri pamoja na fundi, wakarudisha waya wa betri, wakalishusha gari chini. Mchora ramani alikuwa amepanga mama awe chumbani saa hiyo. Lakini mama aliposikia vyuma vinalia, alitoka na mkoba wake, akapita katikati yao, akaingia, akakaa.

Mchora ramani akabaki ameshika mlango. Akaanza kumwomba radhi yule daktari, kwamba mzee hayuko sawa sana, kwamba wampe dakika chache. Daktari akamtazama, akamtazama mama, kisha akazunguka, akajipakia mahali pa dereva, gari likainama kidogo.

"Wewe ndiye dereva?" mama akamwuliza.

"Ndiyo, mama."

"Tumekungoja sana."

"Nisamehe, mama. Njia ilikuwa mbaya," daktari akasema, kisha akawageukia wale waliosimama nje. "Haya, abiria, mtaachwa."

Wakaingia wote. Mchora ramani akakaa nyuma, katikati ya mkewe na binti yake. Hakuwa amewahi kukaa kiti cha nyuma cha gari lake. Injini ikakohoa, ikawaka, na nyumba yao ikaanza kurudi nyuma polepole. Wakapita mitaa ya karibu, ile tulivu yenye kuta zilizofunikwa na maua. Mama akaita Kisima cha Chumvi. Daktari akapunguza mwendo, akasimama kidogo kando ya duka lililofungwa, kama anayeshusha mtu, akaondoka tena. Kila kituo kilichoitwa alisimama. Kasuku, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakusema kitu. Upepo uliingia madirishani, mtandio wa mama ukapepea, na mwanawe akauona uso wake kwenye kioo cha pembeni. Ulikuwa uso wa msichana aliyevaa sare mpya, na nchi nzima ilikuwa inampita.

Walirudi kwa njia ya nyuma. Gari liliposimama getini, mama akatengeneza mtandio, akashika mkoba.

"Mimi nashuka hapa," akasema. "Asante, dereva. Umetufikisha salama."

Akafungua mlango mwenyewe. Akampa Kasuku mkoba ambebee, akaingia ndani, na wakamsikia akiomba maji ya kunawa miguu, kama mtu aliyetoka mbali.

Mchora ramani alikaa kwenye kiti cha nyuma akilia kimya kimya, mkewe amemshika mkono, na daktari akajifanya anakagua dashibodi. Kisha wote wakashuka wakapatana bei, na daktari aliishusha. Huruma ni huruma, lakini matairi yalikuwa yameisha.

Fedha ile ilitosha kumlipa shemeji yote na kukipunguzia chama sehemu kubwa. Mchora ramani aliipeleka kwa shemeji mwenyewe, kwa miguu, jua likiwaka. Njia nzima alipanga maneno ya kuomba msamaha, na alipofika maneno yote yakamkimbia, akanyoosha bahasha tu. Shemeji aliishika muda bila kuihesabu. Kisha akasema kwamba yeye alidhani wameacha kuja kwake kwa sababu siku ile alitoa kidogo. Alikuwa ameombwa zaidi, na hakuwa nayo, na alishindwa kusema. Ndiyo maana alinyamaza. Wanaume wale wawili wakatazamana barazani kama watu waliogongana gizani, na shemeji akaita ndani ije sahani ya pili.

Mama, kesho yake, alitoka uani. Palipokuwa na gari pamebaki udongo mkavu wa rangi tofauti, na shuka zinapepea juu yake.

"Limeshaondoka?" akamwuliza mwanawe.

"Limeondoka, mama."

"Basi vizuri," akasema, akarudi ndani kuendelea na uji wake. Hakuuliza tena. Jioni zilizofuata alipenda kukaa na Kasuku dirishani, wakati mwingine akiita kituo, wakati mwingine akisikiliza tu mvua.

Deni lililobaki liliwachukua mwaka na zaidi, na halikuwa rahisi. Kuna wiki waligombana kwa sababu ya kipande cha sabuni. Siku ya malipo ya mwisho, karani alimkumbusha mchora ramani kwamba sasa anaruhusiwa kukopa upya. Akamshukuru, akamwambia atafikiria, na wote wawili wakacheka.

Alimpitia mkewe zahanati. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, barabara zinang'aa, mbingu imeshuka hadi kwenye madimbwi. Badala ya kukata kulia, mkewe akamvuta kushoto, njia ndefu, ile ya kando ya mto. Njiani palikuwa na kiwanda cha mikate, na mikate ilikuwa ndiyo kwanza inatoka. Wakanunua mmoja. Mkewe akaumega katikati, mvuke ukawapanda usoni, na wakaendelea kutembea wakila, vidole vinawaungua.