Chupa Inayoitwa Lita

...na kijiko cha saba kikaganda hewani, katikati ya chupa na mdomo wa mtoto, maana ndipo Amélie alipoiona chupa yenyewe, chupa ya bia, ile kubwa ambayo mtaa mzima wa Gasenyi huiita lita, maziwa nipe lita, mawese nipe lita, na yeye, mwalimu wa biolojia, Madame mwenyewe wa chaki na miwani, ameimwagia pakiti nzima ya dawa ya chumvi na sukari aliyopewa zahanati, ukoroge kwa lita moja, walimwambia, na hapa kwenye kioo nambari zimechomoza, sentilita sabini na mbili, Mungu wangu, robo nzima ya maji na ushei haipo, na vijiko sita vimeshaingia... "Mupe basi, Mama Joëlla," mama mkwe anasema kutoka mkekani, thermos ya maji ya kuchemsha ubavuni mwake, "mutoto anakauka," na kweli anakauka, miezi tisa tu, kuhara kumemmaliza, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama, tangu asubuhi analia bila chozi... siku ya Jumanne alikata viazi darasani, kipande kwenye maji matupu kikakakamaa, kipande kwenye maji ya chumvi kikalegea kama kitambaa cha kufutia ubao, Armel wa dawati la nyuma akapiga kelele, "Madame, kirazi imelia!", darasa zima likacheka, naye akawaandikisha, seli haina mikono ya kuvuta maji, inapitisha chumvi mlangoni na maji yanaifuata, kipimo kikiwa sawa chumvi na sukari huingia pamoja kwenye ukuta wa utumbo, maji nyuma yao, kipimo kikizidi maji huitoka seli yakaifuata chumvi nje, andikeni, itakuja kwenye mtihani... na mtihani umekuja, umemlalia pajani, midomo imepasuka... "Unangoja nini?"... kwani robo ni nini, ampe tu hiki cha saba, nani atajua, asubuhi bibi huyuhuyu alileta maji ya mchele naye akayakataa kwa ile sauti ya shuleni, "Apana, Mama, hii ni mambo ya kupima," na mkwe wake akarudisha bakuli jikoni, sasa amwambie nini, kwamba mjuzi wa kupima hajui lita, ataambiwa mumewe Valéry akirudi kazini, wataambiwa majirani, itasimuliwa kanisani, itasimuliwa mpaka siku ya harusi ya Joëlla... harusi... kumbe anaogopa kuchekwa kwenye harusi ya mtoto ambaye hajui kama jioni itamkuta, iwepo basi hiyo harusi, Mungu, iwepo, na bibi asimame na glasi mkononi aisimulie chupa mbele ya wageni wote, wacheke mpaka wafute machozi, mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo hakimuumbui mwalimu peke yake... "Mama Joëlla, weye, unasikia?"... mtoto amefungua mdomo, anakingoja kijiko, na kijiko bado kiko palepale hewani, mkono haushuki. "Mama," akasema, "nimekosea kupima. Hii chupa haiko lita, chumvi imepita. Unisaidie na yale maji tulichemusha."