Njia Tatu za Kumfikia Marieta

Mimi sina subira, na sijawahi kujisifu kuwa ninayo. Siku ile nyumbani Gitting nilikaribia kupasuka nikiwasikiliza kaka zangu wanavyolinganisha usafiri kama watu wanaochagua mchumba.

Dada yetu Marieta alikuwa amelazwa Dar es Salaam, ana uvimbe tumboni. Daktari alisema apasuliwe upesi, la sivyo tutamkosa. Marieta akakataa. Alipoolewa bila ruhusa, mama alimwambia kwa hasira, "Tumbo lako lisikupe raha." Kwetu neno la mzazi halichezewi. Lazima alitengue mwenyewe, kwa mdomo wake, na kumtemea mtoto maji kichwani. Marieta aliapa haingii kwenye kisu na neno lile juu yake. Mama naye, tangu apate habari, chakula hakipiti.

Isidori, kaka mkubwa, mtumishi wa halmashauri, alitaka ndege. "Arusha mpaka Dar ni kufumba na kufumbua."

"Ndege gani?" Tadeo, kaka anayemfuata, akadakia. "Mama huyu anayeogopa ngazi ya ghalani? Apande treni Dodoma, alale kitandani kama mtu."

"Treni haiendi kila siku."

"Na ndege ina viti vinamsubiri?"

Basi je? Basi litamvunja mgongo. Wakarudi kwenye ndege, wakarudi kwenye treni, mpaka ng'ombe wakaingia zizini. Na kwetu mkubwa hajamaliza, mdogo hasemi, na mimi ndiye kitinda mimba.

Isidori akaniona nahangaika kitini. "Haraka haraka haina baraka, Paskalina."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, kaka! La Marieta linaumia sasa hivi!"

Loo! Tadeo alinitazama kana kwamba nimemtukana marehemu baba. Niliogopa, sikatai, lakini maneno yalishatoka. Nikamalizia: "Kesho alfajiri nampandisha mama basi la Singida. Ninyi endeleeni kulinganisha."

Isidori akatoa simu yake mfukoni, ile asiyomshikisha mtu, akanipa. "Hospitali wana namba hii," akasema.

Ilikuwa masika, na barabara kutoka Katesh ilikuwa tope jeusi tupu. Tukashuka kusukuma, tukapanda, tukashuka tena. Tukalala Singida. Tulipofika Dodoma kesho yake mchana, mabasi ya Dar yalikuwa yameshaondoka yote. Nikamkokota mama mpaka stesheni. Treni? Bado iko Tabora, na hakuna aliyejua itafika lini. Mama akaketi juu ya mzigo wetu, miguu imevimba, akaniuliza Dar iko nyuma ya kilima kipi. Nilitamani kulia.

Hapo simu ikaita. Ni nesi. "Dada, hali yake imebadilika. Tuko naye mlangoni pa chumba cha upasuaji na bado hataki. Daktari anasema ni sasa hivi, hakuna kesho."

"Mwekee simu sikioni!" Nikamgeukia mama. "Mama, sema naye. Litengue."

"Siwezi. Kichwa chake hakipo hapa."

"Litengue, mama!"

"Nimtemee nani? Hiki kidude?"

"Kitemee hicho hicho!" Nilimfokea mama yangu mzazi mbele ya abiria wote, Mungu anisamehe. "Unataka ukakitemee kichwa chake kaburini?"

Nilidhani atanipiga kofi. Badala yake akanyakua chupa ya maji, akajaza kinywa, akaitemea simu ya Isidori, pfuu! Akaishika kwa mikono miwili na kusema kwa Kiiraqw, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Alilitaja neno lile kama alivyolisema, akalirudisha kinywani mwake. Akasema kama lina pa kukaa, likae kwake yeye mzee. Akamwita Marieta kwa jina alilompa utotoni, ambalo sikuwa nimelisikia tangu ugomvi wao. Watu walikuwa wamesimama wanatutazama.

Nikaichukua simu inachuruzika maji, nikaifuta kwa khanga, nikaiweka sikioni. Kimya. Jamani, imekufa! Nikaita, "Marieta! Marieta!"

Kwikwi ikasikika, kisha sauti yake.

"Paska, mwambie mama yamefika," alisema. "Mwambie nimelowa."

Kisha nikamsikia akimwambia nesi wafungue mlango.