Sauti ya Dorkasi

Mzee Chilongani, mkulima wa Haneti aliyepofuka uzeeni, alipanda basi hadi Dodoma mjini kwenda kwenye sinema. Mkewe, Dorkasi, aliigiza mama wa bwana harusi katika filamu ya siku hiyo, akafariki kabla filamu haijakamilika. Mzee alitaka kumsikia tena.

Binti yake, Jenifa, alimketisha mbele. Dorkasi alipotokea kwenye skrini, Jenifa alimshika baba yake mkono. "Ndiye huyo, baba. Anaongea."

Mzee alisikiliza. "Huyo nani?"

"Mama."

"Siye. Mama yako hakuongea hivyo hata siku moja."

Filamu ilipokwisha, walimfuata mwongozaji, Imrani. Alimwamkia mzee, kisha akaeleza kwa aibu kwamba upepo uliharibu sauti walizorekodi shambani, wakamwita mwigizaji mwingine aseme maneno ya Dorkasi.

"Nipe hizo hizo zilizoharibika," mzee alimsihi. "Nitamsikia humo humo kwenye upepo."

"Tulishazifuta, babu. Nisamehe."

Ndani ya basi la kurudi, Jenifa alianza kumweleza jinsi mama alivyopendeza kwenye filamu. Mzee alimzuia.

"Sura yake naikumbuka, mwanangu," alisema akilia. "Sauti ndiyo nimeanza kuisahau."