Fundo la Kichwani

"Fundo la miguuni fungeni. La kichwani liacheni," Lalla Yamna aliwaambia waosha maiti. "Bintiye hajamwona."

Mumewe, Si Maati, yaani Bwana Maati kwa lugha yao, alikuwa amefariki jana yake alasiri, na saumu yake kinywani. Wanawake wa mtaa ule wa Meknes hawafuati jeneza. Buriani yao ni ndani ya nyumba. Likishavuka kizingiti, basi. Na Thuraya, binti yao wa pekee, alikuwa anatoka Montreal, ng'ambo ya bahari kuu.

Saa tatu kasorobo asubuhi shemeji yake, Si Jilali, akasimama mlangoni.

"Shemeji, tumzike kaka adhuhuri. Maiti hacheleweshwi."

"Na Thuraya?"

"Thuraya! Alisema anaruka saa nne usiku. Kilomita elfu tano na mia saba, saa saba angani. Si atakuwa ametua saa kumi na moja alfajiri? Kutoka Casablanca hadi hapa ni saa tatu kwa gari. Saa mbili angekuwa ameshagonga mlango. Nimepiga simu yake, imezimwa. Ndege imemwacha huyo."

Hesabu ilikuwa imenyooka, na Lalla Yamna shule aliionja tu. Akamtazama mumewe: uso wazi, sanda nyeupe hadi kidevuni. Akafikiria maji ya kufungulia saumu ambayo marehemu hakuyawahi. Akafikiria futari.

Kila jioni ya Ramadhani, king'ora kikilia na supu ya harira ikimiminwa bakulini, simu ya Thuraya huingia. Baba mtu humtania: "Karibu tende!" Naye hujibu, "Baba, mbona mwanichoma roho? Huku ni saa nane na nusu mchana, nimefunga bado!"

"Shemeji," akasema polepole, "sisi tunafuturu saa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu. Yahusu nini?"

"Wakati huo kwao ni saa nane na nusu." Akakunja vidole, kimoja kimoja. "Wako nyuma saa nne. Saa nne ya usiku wao, kwetu ilikuwa saa nane usiku. Ongeza saba zako."

Si Jilali akahesabu midomo ikimcheza, kisha akashusha macho.

"Saa tatu," akasema.

"Basi bado yuko juu. Ndiyo maana simu imezimwa."

"Tuseme ni hivyo. Na njia bado. Adhuhuri hataiwahi."

"Alasiri ataiwahi. Kaka yako alimngoja miaka sita, Jilali. Mpe saa sita tu."

Si Jilali akavuta kiti, akakaa ukumbini na tasbihi yake. Saa tatu na robo simu ikalia.

"Mama, nimetua. Mmeshamtoa?"

"Yupo. Njoo, mwanangu. Usimkimbize dereva."

Adhuhuri ikaadhiniwa, wanaume wakaenda kuswali bila jeneza, wakarudi. Saa saba teksi ikasimama nje. Thuraya akaingia na koti zito la baridi, akapiga magoti, akambusu baba yake kwenye paji la uso. Paji lilikuwa baridi. Akaliegemeza shavu lake pale, muda mrefu, na hapana aliyemwambia inuka.

Alipoinuka mwenyewe, Lalla Yamna akashika ncha ya sanda ya kichwani.

"Nisaidie, mama," akamwambia bintiye. "Shika hapa."

Wakalifunga pamoja.