Nyumba Iliyoligeuzia Ziwa Mgongo

Pankras alikuwa mtu wa kahawa, mtu wa Maguu kabisa, kule milimani kwenye baridi, na kichwa chake, jamani, kilikuwa kigumu. Alipoamua kujenga nyumba ya kupangisha wageni Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, hakutaka kusikia la mtu. Watalii wanaongezeka, alisema, na watu wa makampuni wanaokuja kikazi kutoka Songea wanahangaika kupata mahali pa staha pa kulala siku mbili tatu. Akauza shamba alilorithi kwa baba yake, hela yote akaizamisha kwenye tofali na bati. Nyumba ikikosa wageni, basi, shamba limekwenda na maji.

Mkewe Eliza alikuwa Mnyasa wa Liuli, amekulia ufukweni. Alipoona kuta zinaanza kupanda aliuliza mbona mlango unatazama milimani, na upande wa ziwa hauna hata dirisha. Pankras akacheka. Upepo utawapiga watoto wa watu, alisema, na nyumba nzuri ni ile inayozuia upepo. Ndivyo walivyojenga baba na babu yake kule juu, ambako asubuhi ya Juni mtu huota moto mpaka jua lipande. Eliza akamwacha aendelee. Alishazoea.

Nyumba ikasimama: vidirisha vidogo, mapazia mazito, kila kitanda blanketi mbili. Ilipendeza, tuseme ukweli. Lakini Mbamba Bay si Maguu. Wageni wa kwanza, mtu na mkewe waliokuja likizo, walikuwa wakae wiki nzima, wakaondoka kesho yake wakisema wamepata dharura. Waliofuata nao wakapata dharura. Pankras akabaki anashangaa dharura gani hizi zinazowavamia watu wote nyumbani kwake.

Ndipo akaja Glorious, dada anayepanga safari za wafanyakazi wa kampuni moja ya mbolea. Akiipenda nyumba, wenzake watafikia hapo kila mwezi. Pankras, kwa kutaka kumfurahisha, akamwongezea blanketi ya tatu.

Asubuhi alipompelekea chai, alimkuta nyuma ya nyumba, amelala juu ya mkeka mchangani, kando ya ukuta wa upande wa ziwa. Glorious aliamka akamwamkia shikamoo kwa adabu zote.

"Nyumba yako ni safi, baba," alisema. "Lakini mle ndani nimeiva."

Akaahidi kupita tena safari ijayo, kisha akaenda kutafuta chumba kwingine. Pankras alipanda Maguu moyo umemwishia. Alimsimulia mkewe yote, mpaka ile blanketi ya tatu, akamlaumu kwa nini hakumkazania tangu mwanzo. Eliza aliweka chini ungo wa kahawa.

"Baba Joakim, mgeni wa siku moja umempa blanketi tatu, kwenye joto lile. Mimi hapa natetemeka tangu uliponioa, na tunajifunika moja. Umewahi kuniuliza?"

Hakuwahi. Yeye baridi ya Maguu haikumsumbua, kwa hiyo alidhani haimsumbui mtu. Aibu ilimshika.

Wiki ile alishuka na nyundo akauvunja mwenyewe ukuta wa upande wa ziwa. Safari hii Eliza alisimama naye akionyesha: mlango hapa, dirisha kubwa pale, baraza hivi. Pankras akawa anauliza kila kitu, mpaka fundi akachoka.

Glorious aliporudi alilala fofofo mpaka jua likamkuta kitandani. Kabla ya kuondoka aliomba vyumba vyote kwa ajili ya wenzake wa mwezi uliofuata. Shamba la baba halikupotea bure, na Pankras alishukuru Mungu kwa sauti.

Kisha akakusanya blanketi zote, akapanda nazo Maguu, akazitandika upande wa mkewe, moja juu ya nyingine.

"Zinatosha?" akauliza.

Eliza alijifunika mpaka kidevuni, akafikiri kidogo.

"Ongeza," akasema.