Muzee Amepakwa Samli

Pikipiki ya Célestin Harelimana ilikuwa ya kale kiasi kwamba watu wa Mabanga, mtaa wa Goma, waliipa jina la heshima: Muzee. Ilikuja na kibonyezo cha kuwashia kwa betri tangu siku zile pikipiki nyingine mtaani zilikuwa zikipigwa mateke kama mbuzi mwizi. Lakini asubuhi hii ya Jumapili, mkewe Apolline alibonyeza, na Muzee akasema: tak. Akabonyeza tena. Tak. Kama babu anayeitwa shambani: anaitika, hainuki.

Pedali ya kupiga teke ilikuwapo, ila nyonga ya Apolline ilikuwa imegoma tangu aliposhuka kutoka Masisi akikimbia vita, godoro kichwani.

Célestin alikuwa amerudi kule milimani kuangalia ng'ombe waliobaki, vita vikafunga barabara nyuma yake. Kila Jumapili baada ya misa alipanda kilima chenye rezo ya simu, akapiga. Kabla ya salamu aliuliza, "Muzee anaamka?" Na Apolline alijibu, "Anaamka, anakuulizia," ingawa tangu mvua zianze Muzee hakuwa na neno jingine ila tak.

Jumapili iliyopita sauti ya Célestin ilikuwa imekonda. "Huku wanasema Goma hakuna mutu anatungojea tena. Yenga inayokuja, Jumapili kama leo, unisikilizishe Muzee. Nikimusikia, nitajua kwangu kungali kwangu. Nitatafuta njia."

Ndiyo maana Apolline alimwita Émile Kamate, fundi mwenye sanduku dogo la vyuma na mdomo mkubwa.

Émile aliwasha taa ya mbele. Ikang'aa. Akabonyeza: tak, na taa ikafifia kama jicho la mlevi. Akaweka betri yake mwenyewe. Tak ileile.

"Betri haina kosa, Mama Apolline. Umeme unatoka vizuri, unakwama njiani. Tufuate waya huu mweusi."

Waya uliishia kwenye bolti iliyofungwa kwenye chuma cha pikipiki. Émile alifungua bolti, akainusa, akamtazama Apolline.

"Mama, kuna mutu alipikia hapa?"

Chini ya bolti palikuwa na ukoko mweusi, samli iliyochanganyika na vumbi la volkano, mgumu kama ugali uliosahauliwa chunguni.

"Ni mafuta ya ngombe," alisema Apolline. "Célestin aliniachia mukebe muzima."

"Ya kula!"

"Ya kutunza vitu. Kwetu kitu unachokipenda haukiache kikauke. Kibuyu cha maziwa, mukanda, hata bibi-arusi. Kila Jumamosi nimemupakaa Muzee."

"Mpaka ndani ya bolti?"

"Kibuyu kinapakwa ndani, Kamate, si nje tu."

Émile alicheka mpaka akakaa chini. "Watu wa Masisi! Siku moja mutapakaa hata Nyiragongo, museme mulima umekauka!"

"Weye cheka tu. Ngozi yako yenyewe imepauka kama njia ya Sake. Ungekuwa na mutu wa kukupakaa."

Émile akachukua msasa. Ukoko ulipobanduka, harufu ilipanda: ya asubuhi ya kukamua, ya moshi wa majani mabichi, ya koti la Célestin. Apolline aliokota kipande, akakifumbata kiganjani.

"Lazima uitoe yote?"

"Hapa tu. Chuma kinataka kugusana na chuma, Mama. Kitu kikikaa katikati, hata kiwe kitamu namna gani, hakuna kuwaka."

"Unanifundisha mimi hayo?" alisema Apolline, macho kwenye simu.

Bolti ilikuwa ndiyo kwanza imekazwa simu ilipolia.

"Muzee anaamka?"

Apolline aliegemeza simu kwenye tangi, akabonyeza. Muzee alijizungusha, akakohoa, akanguruma mpaka kuku wa jirani wakapanda ukuta. Apolline akavuta mafuta tena na tena, na ndani ya ngurumo ile akasikia kicheko cha Célestin, kile cha zamani, cha tumboni.

"Zima! Apolline, zima! Nimesikia! Sasa ninataka sauti yako weye."

Alizima upesi. "Célestin?"

Aliibandika simu sikioni.

"Célestin? Unanisikia?"

Rezo ilikuwa imekwenda. Simu yote alikuwa amempa Muzee. Yeye hakubakiziwa hata neno.

Émile alipanga vyuma vyake polepole. "Atapiga yenga ingine, Mama."

Apolline alifunga kitenge vizuri kiunoni, akapanda. Alibonyeza, na Muzee akaamka mara moja, kwa adabu, kana kwamba hajawahi kumsumbua mtu.

"Unaenda wapi na nyonga hiyo?"

"Kyeshero, mwisho wa muji. Upande wa barabara ya Sake, njia ya kutoka Masisi."

"Mama, kutoka Kyeshero mpaka Masisi ni mbali."

"Najua," alisema Apolline. "Lakini kutoka hapa ni mbali zaidi."