Goti la Somo

Mfupa wa paja la mbuzi ulikuwa bado na uvuguvugu Chanceline alipouweka juu ya ule wa muundi, kwenye sinia la mama, akaanza kuukunja mguu usio na mwenyewe.

"Munaona? Haiko kama bawaba ya mulango," alisema. Alikuwa mnyoosha viungo, Mkongo aliyesomea kazi hiyo Bujumbura. "Mfupa wa paja unabingirika nyuma, papo hapo unateleza mbele. Ukibingirika tu, utaanguka. Na goti lililonyooka linaanza kwa kujizungusha kidogo, kama ufunguo. Ndipo linakunjika, na pia ya goti inashuka mferejini mwake."

"Hilo ni goti ao mutumbwi?" shangazi Biasha alimtania. Macho yake hayakucheka.

Jioni ile nilikuwa naingia ndani kusingwa liwa kabla ya harusi yangu. Kwetu Rumonge, somo, mwanamke anayemfunda na kumsinga bibi harusi, hukaa naye mkekani. Wa kwenye kiti ni mgeni tu. Na shangazi ndiye aliyenilea, hivyo usomo ulikuwa wake.

Masika yaliyopita aliteleza penye kinu cha mawese, pia ya goti ikavunjika. Plasta ilipotolewa, waganga wa hospitali walisema alikunje mapema. Sisi, kwa mapenzi, tukalifunga kwa kanga na fito, tukamkemea kila alipojaribu, tukidhani goti ni chungu kilichogandishwa kwa gundi. Likakauka. Chanceline alilikuta gumu kama mchi, akaanza kulizoeza kidogo kidogo.

Mama mdogo Zainabu alikwisha nunua kanga za usomo, shangazi akishindwa akae yeye.

"Wifi, leta kiti," alisema. "Hata sala ya kwenye kiti Mungu anaipokea."

"Mungu ndiyo," shangazi alijibu. "Liwa haipandi kitini."

Nilikuwa nimekaa, nachomoa nyuzi za mkeka. Shangazi alishika ukuta. Alilizungusha goti kidogo, kisha akaanza kushuka. Lilialika. Katikati akakwama, jasho likimtoka puani, nami nikanyoosha mikono.

"Musimushike!" Chanceline alisema.

Shangazi alivuta pumzi, akatukana kwa Kirundi, akashuka tena. Mkeka ukapokea uzito wake.

"Na kuinuka je?" Zainabu aliuliza.

"Kushuka nimeshuka kwa ajili ya mutoto. Kuinuka mutajua nyinyi."

Akachovya liwa. Akaanza kunisinga, kutoka shingoni.